Soya, ufuta na joto la ukomo wa hedhi: Tiba au biashara?

Mama wa miaka hamsini na mbili anaamka saa nane za usiku. Kanga aliyojifunga imelowa jasho, moyo unamwenda mbio, na uso unamwaka kama aliyeinamia jiko la mkaa. Anafungua dirisha na kujipepea. Baada ya dakika chache baridi inamwingia, anajifunika tena. Asubuhi anaamka hana nguvu, na watoto wakimuuliza jambo dogo anafoka. Mumewe anadhani amemchoka. Yeye mwenyewe anadhani ni malaria, anakwenda kupima, anaambiwa hana wadudu.

Siku ya tatu shoga yake anamletea habari njema. Kuna kopo la vidonge vya soya linauzwa na mtu anayemfahamu. Vidonge hivyo, anaambiwa, havina kemikali, havina madhara, vinarudisha homoni zilizopotea na vinakinga saratani. Bei yake inazidi chakula cha nyumba kwa wiki nzima, lakini mama amechoka kuamka usiku. Anakopa, ananunua.

Ndugu msomaji, makala haya yanalenga kumsaidia mama huyo, na binti zake watakaofika umri huo kesho, kujua ukweli wa jambo hili. Je, ni kweli kwamba iko mimea yenye kitu kinachofanana na homoni za mwanamke? Na kama ni kweli, je, kitu hicho kinatibu taabu za ukomo wa hedhi kama inavyotangazwa? Majibu ya maswali haya mawili hayalingani, na kutolingana huko ndiko kunakowafaidisha wauzaji.

Kukoma hedhi ni nini?

Kukoma hedhi si ugonjwa. Ni hatua ya maisha ambayo kila mwanamke anayejaaliwa umri huifikia, kwa kawaida kati ya miaka 45 na 55. Wataalamu huhesabu kwamba hedhi imekoma pale inapopita miezi 12 mfululizo bila mwanamke kuiona, ilhali hana mimba, hanyonyeshi wala hatumii dawa inayoizuia. Inapokoma kabla ya umri wa miaka 40, hiyo ni mapema kupita kiasi na inafaa daktari achunguze sababu yake.

Kinachotokea ni kwamba ovari, yaani vifuko viwili vinavyohifadhi mayai ya uzazi, hupunguza kazi na hatimaye huiacha. Ovari ndizo zinazotengeneza sehemu kubwa ya homoni iitwayo estrogeni. Homoni hii kazi yake si uzazi peke yake. Hulinda mifupa isimomonyoke, huweka unyevu katika sehemu za siri, na hugusa hata sehemu ya ubongo inayopima joto la mwili. Estrogeni inapopungua, kipimo hicho cha ubongoni huwa chepesi kushtuka. Joto dogo ambalo zamani lisingehisiwa, sasa ubongo unalichukulia kuwa ni joto kali, unaamuru mishipa ya damu ya ngozi itanuke na jasho litoke. Hilo ndilo fukuto la ghafla linalomwamsha mama saa nane za usiku.

Takriban robo tatu ya wanawake hupata fukuto hilo kwa kiwango fulani. Wengine huliona kwa miezi michache tu. Wengine hukaa nalo muda mrefu. Utafiti mkubwa uliofuatilia wanawake nchini Marekani kwa miaka mingi, ambao matokeo yake yalitolewa mwaka 2015, ulionesha kwamba kwa nusu ya wanawake waliosumbuliwa mara kwa mara, taabu hiyo iliendelea kwa zaidi ya miaka saba. Kwa mantiki hiyo, mwanamke anayeambiwa "vumilia, itapita" anaambiwa avumilie miaka mingi ya kukosa usingizi.

Kondoo wa Australia

Habari ya estrogeni za mimea haikuanzia kwa wanawake. Ilianzia kwa kondoo. Katika miaka ya 1940 wafugaji wa Australia Magharibi waliona jambo la kutisha. Kondoo majike waliolishwa kwenye malisho yaliyostawi vizuri, yenye aina ya majani yaitwayo klova, walikuwa hawashiki mimba, na wengine walipata matatizo makubwa ya mfuko wa uzazi. Malisho yalikuwa mazuri na kondoo walikuwa wanene, lakini wana-kondoo hawakuzaliwa. Mwaka 1946 watafiti wa huko wakiongozwa na H. W. Bennetts walitoa maelezo ya ugonjwa huo na kuuhusisha na majani yale. Baadaye ikabainika kwamba ndani ya klova mna kemikali ambayo tumbo la kondoo huigeuza kuwa kitu kinachofanya kazi kama estrogeni.

Tunapata mafunzo mawili katika kisa hicho. La kwanza, ni kweli kabisa kwamba baadhi ya mimea ina vitu vinavyofanana na homoni ya mwanamke. Huo si uzushi wa wauza dawa. La pili, kitu kikitoka kwenye majani haina maana kwamba hakiwezi kudhuru. Kondoo wale hawakula kemikali ya kiwandani. Walikula majani mabichi kutoka ardhini.

Aina zake na zinapopatikana

Estrogeni za mimea zimegawanyika katika makundi kadhaa. Matatu ndiyo yanayotajwa zaidi. La kwanza ni isoflavoni, ambazo hupatikana kwa wingi katika soya, na kwa kiasi kidogo zaidi katika dengu na jamii nyingine za kunde. La pili ni lignani, ambazo hupatikana katika mbegu za kitani, ufuta na nafaka zisizokobolewa. La tatu ni kumestani, ambazo zimo katika majani kama lusini na katika baadhi ya mbegu zilizooteshwa, zikiwemo choroko.

Kwa hiyo mwanamke wa Lindi anayekula ufuta, au wa Dodoma anayenywa uji uliochanganywa soya, tayari anakula estrogeni za mimea bila kununua kopo lolote.

Ili kuelewa zinavyofanya kazi, tuchukue mfano wa kufuli na ufunguo. Estrogeni ya mwili ni ufunguo. Ndani ya viungo mbalimbali, kama titi, mfuko wa uzazi, mifupa na ubongo, zipo kufuli ambazo ufunguo huo huzifungua. Isoflavoni ni ufunguo wa kuchonga unaofanana na ule halisi. Huingia kwenye kufuli, lakini huizungusha kwa nguvu ndogo sana. Aidha, mwaka 1996 watafiti wa Sweden waligundua kwamba kufuli hizo ziko za aina mbili. Isoflavoni huipenda zaidi aina ya pili, ambayo mgawanyo wake mwilini ni tofauti na ule wa aina ya kwanza. Ndiyo maana si sahihi kusema kwamba soya "inarudisha homoni zilizopotea". Soya hairudishi estrogeni. Inaleta kitu dhaifu kinachofanana nayo, ambacho mahali pengine huisaidia na mahali pengine huweza hata kuiziba njia.

Kwa nini zikapata umaarufu?

Umaarufu huu una sababu mbili kubwa.

Sababu ya kwanza ni Japan. Watafiti walibaini kwamba wanawake wa Japan, ambao hula soya kila siku, walilalamikia fukuto la joto kwa uchache kuliko wanawake wa Ulaya na Marekani. Mwaka 1992 mtafiti wa Finland, Herman Adlercreutz, na wenzake walionesha kwamba wanawake wa Japan hutoa isoflavoni nyingi katika mkojo, na wakapendekeza kwamba huenda hiyo ndiyo siri yenyewe. Hoja hiyo ilivutia, lakini yalikuwemo mengine yanayowatofautisha wanawake hao: uzito wa mwili, namna ya kula kwa jumla, na hata lugha. Margaret Lock, mtaalamu wa Canada aliyewahoji wanawake wa Japan katika miaka ya 1980, alieleza kwamba Kijapani hakikuwa na neno moja mahsusi la kutaja fukuto hilo. Asiye na neno la kulitaja jambo, na asiyezoea kulihesabu kuwa ni tatizo, hawezi kulieleza kwa mtafiti sawasawa na mwenzake.

Sababu ya pili ni hofu. Kwa miongo mingi madaktari wa nchi za Magharibi waliwapa wanawake vidonge vya estrogeni. Kimoja kilichojulikana sana, Premarin, kiliidhinishwa Marekani mwaka 1942 na hutengenezwa kutokana na mkojo wa farasi majike wenye mimba. Mwaka 1966 daktari mmoja wa New York, Robert Wilson, alitoa kitabu kilichouzwa sana akidai kwamba estrogeni humfanya mwanamke abaki kijana. Baadaye ikajulikana kwamba alikuwa akipata fedha kutoka kwa makampuni ya dawa. Mwaka 1975 tafiti zikaonesha kwamba estrogeni ikitolewa peke yake kwa mwanamke mwenye mfuko wa uzazi huongeza hatari ya saratani ya utando wa ndani wa mfuko huo. Ndipo ikawa kawaida kumwongezea homoni ya pili ya kuukinga.

Kisha Julai 2002 likaja pigo kubwa zaidi. Utafiti wa Marekani uliohusisha wanawake 16,608 waliopewa ama homoni hizo mbili ama kidonge kitupu kisicho na dawa ulisimamishwa kabla ya muda wake. Saratani ya titi iliongezeka kwa wanawake takriban 8 zaidi katika kila 10,000 kwa mwaka. Kiharusi na damu kuganda kwenye mishipa navyo viliongezeka. Habari ilienea dunia nzima, mamilioni ya wanawake wakaacha homoni, na pengo waliloliacha likazibwa haraka na makopo ya soya, klova nyekundu na mizizi ya kila aina.

Hapa inafaa kutenda haki. Wanawake wa utafiti ule walikuwa na wastani wa miaka 63, yaani wengi walikuwa wameshapita ukomo wa hedhi kwa zaidi ya miaka kumi. Uchambuzi uliofuata ulionesha kwamba kwa mwanamke mwenye afya, aliye chini ya miaka 60 au ambaye hedhi yake imekoma ndani ya miaka kumi, na anayesumbuliwa sana na fukuto, kwa kawaida faida ya tiba ya homoni huzidi hatari yake. Novemba 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitangaza kuyaondoa maonyo mengi mazito yaliyokuwa yamebandikwa kwenye dawa hizo tangu wakati ule. Hata hivyo, hofu ya mwaka 2002 bado inauza makopo hadi leo.

Majaribio yanasema nini?

Sasa tuje kwenye swali la pili. Je, estrogeni za mimea zinatibu?

Namna ya kulijibu swali kama hili inajulikana. Wanawake wanaosumbuliwa hugawanywa makundi mawili kwa bahati nasibu. Kundi moja hupewa dawa na jingine hupewa kidonge kitupu kinachofanana nayo, bila wao kujua nani kapata nini. Kisha huhesabiwa mafukuto ya kila siku.

Mwaka 2013 watafiti wa taasisi ya Cochrane, ambayo kazi yake ni kukusanya na kupima majaribio ya tiba, walichambua majaribio 43 yenye washiriki zaidi ya 4,300. Hitimisho lao lilikuwa kwamba hapakuwa na ushahidi wa kukata shauri kuwa estrogeni za mimea hupunguza idadi au ukali wa fukuto la joto na jasho la usiku. Walitoa nafasi moja tu. Vidonge vyenye kiwango kikubwa cha isoflavoni iitwayo genisteini, miligramu 30 hadi 60 kwa siku, vilionesha dalili ya kusaidia, na wakataka vichunguzwe zaidi.

Mwaka 2016 uchambuzi mwingine uliokusanya tafiti 62 zenye wanawake 6,653, na zilizogusa aina mbalimbali za mimea, ulikuwa na habari nzuri kidogo. Estrogeni za mimea zilihusishwa na upungufu wa fukuto moja na kidogo kwa siku. Kwa jasho la usiku haikuonekana tofauti ya maana. Mama anayepata mafukuto kumi kwa siku atabaki na takriban manane au tisa, na jasho la saa nane za usiku litabaki pale pale.

Mwaka 2023 chama cha wataalamu wa ukomo wa hedhi cha Amerika Kaskazini kilipopitia tiba zote zisizo za homoni, hakikupendekeza vidonge vya soya wala vyakula vya soya kuwa ni tiba ya fukuto.

Msomaji atauliza: mbona jirani yangu ametumia na amepona? Swali hilo lina haki ya kujibiwa, kwani jirani hasemi uongo. Katika majaribio yale ya Cochrane, hata wanawake waliopewa kidonge kitupu walipata nafuu, na katika baadhi ya majaribio mafukuto yao yalipungua kwa zaidi ya nusu. Sehemu ya nafuu hiyo huletwa na matumaini, na sehemu nyingine huletwa na muda, kwa sababu fukuto hupanda na kushuka lenyewe. Mtu hununua kopo pale anapozidiwa, na baada ya kuzidiwa kwa kawaida hufuata ahueni. Kopo ndilo linalosifiwa.

Iko pia sababu ya kimaumbile. Baadhi ya watu wana bakteria tumboni wanaoigeuza isoflavoni ya soya kuwa kitu chenye nguvu zaidi kiitwacho ekuoli. Katika nchi za Magharibi wenye bakteria hao ni kama robo hadi theluthi ya watu, na katika Asia ya Mashariki ni takriban nusu au zaidi. Kwa hiyo inawezekana kwamba mwanamke mmoja akanufaika kidogo na mwenzake asinufaike kabisa kwa chakula kile kile. Muuzaji wa kopo hawezi kukuambia wewe uko upande gani.

Chakula ni kimoja, kidonge ni kingine

Asije mtu akasema makala haya yanapiga vita soya. Soya ni chakula bora. Ina protini nyingi, bei yake ni nafuu kuliko nyama, na kwa mama wa umri huo ambaye misuli na mifupa yake inapungua nguvu, protini ni muhimu. Ufuta nao una mafuta mazuri na madini. Choroko, dengu na kunde ni neema zilizomo jikoni mwetu tangu enzi za bibi zetu.

Inafaa tu kujua vipimo. Kikombe kimoja cha maziwa ya soya kina takriban miligramu 25 za isoflavoni. Kijiko kikubwa cha unga wa soya ndani ya uji kina kama miligramu 10 hadi 15. Mafuta ya soya na mchuzi mweusi wa soya havina karibu chochote. Soya isiliwe mbichi, bali ichemshwe au ikaangwe vizuri kabla ya kusagwa, kwa sababu ikiwa mbichi ina vitu vinavyozuia tumbo kumeng'enya protini.

Kidonge ni jambo jingine. Kidonge kimoja huweza kukusanya kiwango ambacho mtu asingekifikia kwa chakula cha kawaida. Utafiti wa Italia uliochapishwa mwaka 2004 uliwapa wanawake miligramu 150 za isoflavoni kila siku kwa miaka mitano. Baadhi yao waliota utando mnene kupita kiasi ndani ya mfuko wa uzazi. Kwa waliopewa kidonge kitupu haikutokea hata mmoja. Idadi haikuwa kubwa, lakini inatosha kuonesha kwamba maneno "ni ya asili, hayana madhara" si ya kuaminiwa kwa macho yaliyofumbwa.

Inatosha pia kusahihisha mambo mawili yanayochanganywa. Mmea wa kohoshi nyeusi, unaouzwa sana nje na unaoingizwa pamoja na dawa hizi, si estrogeni ya mmea kama inavyodaiwa, na yako matukio ya watu walioumia ini baada ya kuutumia. Vilevile, krimu za viazi vikuu vya mwituni huuzwa kwa madai kwamba mwili huvigeuza kuwa homoni. Ni kweli kwamba katika miaka ya 1940 mkemia Russell Marker alitengeneza homoni kutokana na viazi vikuu vya Mexico, lakini aliitengeneza maabara. Mwili wa binadamu hauwezi kufanya kazi hiyo.

Nani ajihadhari?

Wa kwanza ni mwanamke aliyewahi kuugua saratani ya titi. Habari njema kwake ni kwamba hana haja ya kuogopa soya ya chakula. Utafiti wa Shanghai uliochapishwa mwaka 2009, uliofuatilia wanawake 5,042 waliotibiwa saratani hiyo, ulikuta kwamba waliokula soya kwa wingi hawakupata madhara, bali vifo na kurudi kwa ugonjwa vilikuwa vichache zaidi kwao. Lakini matokeo hayo ni ya chakula. Vidonge vyenye kiwango kikubwa asivitumie bila idhini ya daktari anayemtibu.

Wa pili ni anayemeza dawa ya tezi ya shingo aina ya levothairoksini. Soya huzuia dawa hiyo isifyonzwe vizuri, kwa hiyo visiliwe kwa wakati mmoja.

Wa tatu ni mwenye kisukari anayetumia uwatu kwa wingi kwa nia ya kupata homoni. Uwatu huweza kushusha sukari, na ukijumlishwa na dawa za hospitali sukari huweza kushuka kupita kiasi. Amweleze daktari wake.

Damu isiyotarajiwa

Ndugu msomaji, hapa ndipo penye jambo zito kuliko yote, na hata ukisahau mengine tafadhali hili usilisahau.

Mwanamke ambaye hedhi yake imekoma kwa mwaka mzima au zaidi, kisha akaona damu, hata tone, hata mara moja, anatakiwa aende hospitali. Katika jamii yetu, swali la kwanza linaloulizwa juu ya damu hiyo ni hukumu yake: je, ni hedhi au ni istihadha, aswali au asiswali, afunge au asifunge. Swali hilo ni la haki na linajibiwa na wanachuoni. Lakini jibu lake halimalizi jambo. Liko swali la pili, ambalo ni la daktari: damu hii inatoka wapi? Katika wanawake wanaotokwa na damu baada ya hedhi kukoma, takriban mmoja katika kila kumi hukutwa na saratani ya mfuko wa uzazi. Tisa waliobaki wana sababu nyepesi zaidi, lakini hakuna anayeweza kujijua kuwa ni miongoni mwa tisa bila kupimwa. Ugonjwa huo ukigunduliwa mapema unatibika vizuri.

Sasa mfikirie mama aliyeuziwa kopo la "kurudisha homoni". Akiona damu, muuzaji anamwambia, "Umeona? Dawa inafanya kazi, hedhi inarudi." Mama anafurahi, ananunua kopo la pili. Miezi sita inapita. Hapo hasara si ya fedha tena.

Kipi basi kinachosaidia?

Yako mambo yasiyohitaji fedha nyingi. Mwenye uzito uliozidi akiupunguza, mafukuto nayo hupungua. Nguo nyepesi za pamba za kupishana, feni au dirisha wazi na kitambaa cha maji karibu na kitanda haviondoi fukuto, lakini humrahisishia mama kulimudu. Mazungumzo ya kitaalamu ya kumfundisha mtu namna ya kukabiliana na taabu hiyo na kupata usingizi yamethibitika kusaidia. Kutembea kila siku hakupunguzi sana fukuto, bali hulinda mifupa na moyo.

Kwa anayezidiwa, ziko dawa. Tiba ya homoni ndiyo yenye nguvu kuliko zote kwa fukuto, kwa sharti daktari ahakikishe kwamba mama hana saratani ya titi, damu kuganda, kiharusi, ugonjwa wa ini au damu isiyojulikana chanzo chake. Kwa asiyeweza kutumia homoni, ziko dawa nyingine kama gabapentini na baadhi ya dawa za sonona kwa kiwango kidogo. Kwa ukavu wa sehemu za siri, jambo ambalo wengi hulionea haya na ndoa zikaumia, ziko dawa za kupaka ambazo nyingi hazisambai mwilini kwa kiwango kikubwa. Mwenye shaka juu ya asili ya dawa fulani, kama ile ya mkojo wa farasi, amwambie daktari. Ziko estrogeni nyingine zinazotengenezwa kutokana na mimea ikiwemo soya yenyewe, lakini kwa kipimo kinachojulikana.

Na anayetaka kujaribu soya au ufuta, ajaribu kwa chakula, si kwa mkopo. Ale kwa wiki kumi na mbili, ahesabu mafukuto yake tangu siku ya kwanza na kuyaandika kwenye daftari. Yakipungua, vizuri. Yasipopungua, atakuwa amepata protini na hakupoteza kitu.

Akija muuzaji wa kopo, aulizwe maswali matatu. Bidhaa hii imesajiliwa na mamlaka gani? Kila kidonge kina miligramu ngapi za kitu gani? Na ni nani asiyepaswa kuitumia? Hapa Tanzania ipo sheria ya tiba asili na tiba mbadala tangu mwaka 2002, lipo Baraza lake, na ipo mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Anayesema bidhaa yake inafaa kwa kila mtu na kwa kila ugonjwa amekwishajibu maswali yote matatu.

Mwisho, neno hili ni kwa waume na mabinti. Mama anayefoka asubuhi huenda hajalala usiku wiki nzima. Hakukuchoka wewe mumewe, wala hakubadilika tabia. Mfungulie dirisha, mpunguzie kazi ya jikoni kwenye moto mkali, na msindikize hospitali bila kumcheka. Wengi wao wananunua makopo kwa siri kwa sababu hapana mtu ndani ya nyumba waliyeweza kumwambia, "Nasikia joto."